Si Sumu, Yaya, Ni Kamba wa Baharini

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Base Camp
Jumapili, baada ya ibada

Yaya Esperansi, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, mimi mdogo wako Mapendo. Magoti yanaendeleaje? Na kile kikohozi kilichoingia na masika kimekuacha, au bado kinakuamsha? Mama anakula vizuri? Sisi huku tunaamka, tunalima, tunasali. Mvua ilichelewa na maharage yametoka mafupi, lakini muhogo umejitahidi. Watoto wazima. Na shemeji yako Baba Yona yuko hai. Narudia kwa makusudi: yuko hai. Sasa hivi amekaa mlangoni anakula muhogo wa kuchoma na analalamika kwamba sikuweka chumvi. Mtu aliyelishwa sumu hana habari na chumvi.

Nimeandika barua kwa sababu simu unaikata. Nilipiga, ukasema hutaki kusikia habari za watu wale, ukakata. Nikapiga tena, ukampa Mama aongee, na Mama akaniuliza mimi ni nani. Barua haikatiki, Yaya. Unaweza kuichana, lakini nakujua tangu tulipokuwa tunalala mkeka mmoja, utaichana baada ya kuisoma. Nimempa mama Debora anayekuja huko kumwangalia dada yake, na nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka umalize.

Umesikia kwamba siku ya posa ya mwanao Solanji watu wa Gadi walileta katoni ya wadudu, wakamlisha shemeji yako, akavimba, akapelekwa hospitali, na mambo yakaishia hapo. Aliyekupa habari hiyo namjua. Anaimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu na hawezi kunyamaza hata wakati wa maombi ya kimya. Sikatai yote aliyosema. Katoni ilikuwepo, na kuvimba kulikuwepo. Sumu ndiyo haikuwepo. Na posa haijavunjika, imesimama inakungoja wewe, kwa maana baba wa mtoto hayupo na neno la mwisho ni lako. Kwa hiyo kaa, nyoosha miguu, nikueleze tangu mwanzo.

Solanji nimekaa naye tangu ulipomwacha kwangu ukarudi Uvira kumtunza Mama. Amekuwa msichana wa maana. Anafundisha watoto wadogo wa Jumapili, na akiingia jikoni sufuria zinajua. Gadi ni mtoto wa milimani, wa watu wa ng'ombe. Anapeleka maziwa Mbarara kwa pikapu na amepanga chumba huko Ruti. Walijuana kisimani, na nilipogundua walikuwa wameshajuana sana, maana msichana alianza kuchota maji hata siku ambazo mapipa yamejaa.

Najua ulichosema juu ya watu wa ng'ombe. Najua pia kwa nini ulisema, kwa sababu nilikuwepo siku walipokuja, tukaondoka nyumbani na kuacha chakula motoni. Lakini nimekaa nao huku, Yaya, tumepanga foleni pamoja, tumezika pamoja. Na wao wana siku yao ya namna ile, na katika hadithi yao waliokuja ni sisi. Sikujua hivyo nilipokuwa Uvira. Iliniuma kujua, na bado inaniuma.

Wewe uliapa kwamba hutakubali, na upande wa pili kulikuwa na mwenzako. Gadi amelelewa na baba yake mkubwa, Mzee Zakaria, mtu mrefu, mkavu, mwenye fimbo na kofia. Wazee wao hawali samaki. Wanasema harufu ya samaki ikimfikia ng'ombe, maziwa yanapungua. Mzee Zakaria aliapa mbele ya ukoo kwamba kitu cha majini hakitapita mdomoni mwake mpaka anazikwa, na kwamba mtoto wake hataoa watu wanaokula vitu hivyo. Unaelewa sasa shida yangu, maana mimi nauza ndagala, samaki wadogo wakavu. Nina meza yangu sokoni hapa Base Camp, ndagala wanatoka katika ziwa kubwa la Waganda, wenyewe wanawaita mukene, na soko zima linaniita Mama Ziwa. Mzee Zakaria akikaribia meza yangu huvuta kofia mpaka puani. Siku moja kwa sababu ya kofia hiyo alijigonga kwenye mafungu ya ndizi, akaziomba ndizi msamaha kwa heshima zote.

Wachungaji wa pande mbili walikaa, wakaomba, wakanywa chai yetu mara nyingi, mwisho mzee akakubali kuja kwangu Jumamosi moja mchana. Alisema anakuja kusalimia tu. Lakini alikuja na koti.

Desturi yetu unaijua vizuri kuliko mimi. Chakula alicholeta mkwe hakilali. Kinapikwa siku hiyohiyo, mikono ya pande mbili inaingia sahani moja, ndipo maneno ya posa yanaanza. Kikilala hakijaonjwa, kimekataliwa, na mwenye kukileta arudi alikotoka. Solanji alimweleza Gadi hayo yote. Na Gadi, badala ya kuleta maziwa kama mtu mwenye akili, akajiambia: hawa ni watu wa maji, nikileta maziwa nitakuwa nimejiletea mimi. Wapelekee cha kwao, tena kikubwa kuliko walichozoea.

Sasa mtoto wa ng'ombe atajua wapi samaki mkubwa? Kuna hoteli huko Mbarara anakopeleka maziwa asubuhi. Akamuuliza mpishi. Mpishi, Mnyankore mmoja mnene aliyewahi kufanya kazi Mombasa, akafungua friji lake la barafu, akatoa katoni iliyobaki kwenye harusi ya matajiri.

"Wewe nataka furahisha watu ya maji?" akamwambia. "Peleka hii. Natoka bahari kabisa. Samaki ya kawaida kila mutu najua. Hii bakubwa tu ndio bakula."

Gadi akaifunga katoni kwa gunia lililoloweshwa maji, akaiweka katikati ya madebe ya maziwa, akaja nayo akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mtihani.

Tulikuwa jikoni mimi, Solanji, na mama Kansiime kutoka Kaberebere, yule ninayemuuzia ndagala na yeye ananiletea ndizi. Alikuwa amekuja kunisaidia kumenya matoke. Nikafungua katoni. Yaya, nilitegemea kuona samaki sangala. Nikaona macho. Macho meusi, yametokeza nje ya kichwa kana kwamba mwenyewe alisahau kuyarudisha. Chini ya macho kuna ndevu ndefu kupita mwili, na chini ya ndevu kuna miguu mingi, na mwili wenyewe umejikunja, una rangi ya majivu, unaonekana mpaka ndani. Zilikuwa nyingi, zimelaliana.

"Mama mudogo," Solanji akasema polepole, "hii ni kitu gani?"

Wote wawili wakaniangalia. Ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi ni Mama Ziwa. Nimezaliwa mita chache kutoka majini, nimekula ndagala kabla ya kuota meno, na sokoni nimeshajisifu mbele ya watu wa mataifa manne kwamba hakuna kitu kinachoishi kwenye maji nisichokijua.

"Hii?" nikasema. "Minaijua tangu utoto. Iko mingi kule katikati ya ziwa, fasi bavuvi ba ndagala habafikake."

Mama Kansiime akainua moja kwa ndevu. "Nyabo, hii hapana samaki. Hii iko senene ya maji. Ona miguu."

Senene ni wale panzi wa kijani ambao watu wa huku wanawapenda kuliko nyama. Akakaa chini akaanza kung'oa miguu kama anavyofanya msimu wa senene ukifika, na alipomaliza miguu akatafuta mabawa, akakasirika kwamba hayapo. Mimi nikachukua kisu nikaanza kupara magamba. Hakuna magamba, Yaya. Kuna koti zima. Nikapasua tumbo nitoe uchafu, tumbo tupu. Mama Kansiime akapasua mgongo akavuta uzi mweusi, akaniuliza tangu lini mnyama akaweka utumbo mgongoni. Nikamjibu kwamba wa katikati ya ziwa ndivyo walivyo.

Nilijaribu pia kuzianika juu ya bati, kwa sababu mkono wangu kitu cha majini unakijulia juani. Kuku wangu wakaja mbio. Unawajua kuku wa kambini, wanakula mpaka sabuni. Wakasimama, wakainua mguu mmoja, wakaangalia, wakaondoka. Hapo ningepaswa kupata akili. Lakini ndani ya nyumba wageni walikuwa wameshakaa, nasikia Baba Yona anamaliza salamu, na chakula cha mkwe hakilali. Nikazirudisha, nikazitupa kwenye maji yanayochemka.

Zikawa nyekundu.

Nakwambia zimeingia za majivu, na kabla sijafunika sufuria zimekuwa nyekundu kama zimepakwa rangi. Solanji akarudi nyuma mpaka ukutani. Mama Kansiime akasema "Banange" na kutupa kijiko. Mimi nikasema kwa sauti kavu kwamba ndivyo zinavyoiva, "Njo byenye binaiva." Halafu kwa woga nikaziacha motoni muda wa kupika maharage makavu, nikamwaga mawese, nyanya, vitunguu na pilipili, nikaomba kimoyomoyo.

Nilipoingia na sahani kubwa, wote waligeuza shingo. Upande mmoja watu wetu, Baba Yona katikati. Upande mwingine wao, Mzee Zakaria kwenye kigoda changu kizuri, fimbo katikati ya magoti. Gadi karibu na mlango anatabasamu. Nikapiga magoti, nikaweka sahani mezani, na bugali, na sombe ya majani ya muhogo, na matoke.

Baba Yona akaangalia sahani. Hakuna aliyemwambia nilichosema jikoni, lakini tumeoana muda mrefu, hata uongo wetu unafanana.

"Bakwe, karibuni," akasema. "Sisi benye ziwa, hii njo chakula yetu ya siku zote."

Akachukua moja akaiweka yote mdomoni, na koti lake, na kichwa chake. Ndevu mbili zikabaki nje, akazivuta ndani taratibu kama tambi. Ndani ya mdomo tukasikia kitu kinavunjika. Akasema ni tamu sana. Macho yake hayakusema hivyo.

Sasa ilikuwa zamu ya wageni. Mzee Zakaria akaangalia ile sahani, nazo zikamwangalia yeye. Akainua kibuyu chake cha maziwa.

"Asante, bakwe," akasema. "Mimi ninakunywa maziwa yangu. Nyinyi kuleni."

Aliongea kwa adabu, lakini maana yake kila mtu aliielewa. Mkono wa upande wao haujaingia sahani. Tabasamu la Gadi likazimika. Nikamwona Solanji nyuma ya pazia ameshika kitambaa mdomoni. Baba Yona, naye ana kiburi chake, akaona akikaa kimya tumedharauliwa kwetu. Akavuta sahani akala nyingine, na nyingine, anasema "tamu" kila akimeza. Zilikuwa ngumu kama kandambili kwa jinsi nilivyozichemsha, lakini alizila.

Kwanza alijikuna shingo. Halafu akajikuna masikio. Halafu mdomo wa chini ukaanza kukua. Tuliuona unakua, Yaya, kama unga uliotiwa hamira. Ukafuata wa juu. Akanigeukia.

"Mapendo," akasema, "mudomo yangu inaenda fasi gani?"

Ningecheka, kama si mtu mmoja karibu na dirisha aliyesema kwa sauti ndogo, "Bamemutilia."

Neno hilo huku hatulimalizi. Kila mtu anajua kilichotiwa ni nini. Hakuna aliyepiga kelele. Vijana wetu wawili wakainuka wakasimama mlangoni, na wamama wa upande wao wakavuta vitenge vyao, wakasogeleana. Gadi akakimbilia mlangoni akawashe pikapu ya kumpeleka hospitali, vijana wakamzuia kwa kifua. "Hakuna mwenye kutoka," mmoja akasema. Niliona jinsi uso wa Gadi ulivyokuwa, na nikaona Solanji ameacha kujificha, amesimama katikati ya chumba bila kujua aende upande gani. Nilikumbuka siku ile ya kuondoka nyumbani. Ilianza hivihivi, Yaya, kwa neno dogo dirishani. Niliogopa sana, kuliko nilivyoogopa kwa ajili ya mdomo wa mume wangu.

Ndipo Mzee Zakaria akaweka kibuyu chini, akavua kofia. Akaniita.

"Mama," akasema, "hii ni samaki?"

Watu wote wakanigeukia. Na mimi, ambaye kutwa nzima nilikuwa na majibu, nikapiga magoti mbele yake.

"Muzee, sijuwi," nikasema. "Tangu nizaliwe sijaionaka."

Akavuta pumzi ndefu. "Ulikosa nini kusema hapana? Ungeniokolea kiapo changu."

Akainamisha kichwa akaomba, si ombi fupi la chakula, aliomba kama mtu anayeaga. Akachukua moja. Alitafuta pa kuanzia, akaanzia kichwani. Akatafuna. Chumba kizima kilimsikia akitafuna. Machozi yakamtoka yakashuka mashavuni, na akaendelea. Alipomeza akafungua mdomo akawaonyesha wale vijana kwamba kimeshuka.

"Kama ni sumu, tunakufa wawili," akasema. "Sasa mufungue mulango, ule muzee apelekwe hospitali."

Wakafungua. Lakini mzee hakuishia hapo. Alibeba sahani yangu, akapanda nyuma ya pikapu, akakaa kati ya madebe ya maziwa akitazamana na Baba Yona, mimi nimekaa pembeni nimeshika mguu wa mume wangu. Na njia nzima mpaka kliniki ya Base Camp aliendelea kula. Anachukua moja, anaiinua juu ili watu wa barabarani waione, anaitia mdomoni. Tulipita sokoni. Wenzangu wa meza za ndagala walisimama. Muuza ndizi alijishika kichwa. Mzee aliyekuwa anaficha pua kwa ajili ya ndagala amekaa juu ya gari anakula kitu chenye macho na ndevu, analia, anatafuna. Baba Yona kwa midomo ile alijaribu kumwambia amvue kwanza mnyama koti lake gumu, lakini maneno yalikuwa hayatoki, yakawa ni pumzi tu. Mzee akadhani anamuombea, akajibu "Amina."

Kliniki, muuguzi alitoka akaona wazee wawili. Mmoja amevimba mdomo, ametulia. Mwingine machozi yanamtiririka, taya linatetemeka, hawezi kusema. Akamkamata Mzee Zakaria.

"Muzee, kaa hapa, lete mukono."

Mzee akatikisa kichwa, mdomo umejaa. Muuguzi akamshika kwa nguvu zaidi. Ilibidi Baba Yona ainue kidole kama mtoto wa shule kusema mgonjwa ni yeye. Alichomwa sindano, wakamwambia akae kwenye benchi mpaka midomo irudi. Muuguzi akasema kuna watu ambao damu yao inavikataa viumbe vya namna ile, hata kama vimepikwa vizuri na kuletwa kwa nia njema, na kwamba asivile tena maisha yake yote. Akauliza vinaitwaje. Tukatazamana. Mzee Zakaria alikuwa amebakiwa na moja sahanini. Muuguzi akaiangalia, akafunika kwa karatasi.

Walikaa benchi lile mpaka jua likashuka. Mzee Zakaria hakuondoka. Nilikuwa nimekaa chini karibu nao, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Midomo ilipopungua kidogo, Baba Yona akamuuliza kama ilikuwa tamu.

"Sijuwi," mzee akasema. "Nilikuwa naomba tu. Na wewe?"

"Mimi nilidanganya. Hatukulaka hii."

Mzee akaiangalia ile midomo iliyovimba. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikafikiri sindano ilipaswa kuwa yake kweli, kumbe anacheka. Baba Yona naye akacheka, ameshika midomo kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa inauma. Gadi alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta, hajui kama amepona au hajapona. Mzee akamwita, akampiga kofi la mgongo, akamwambia siku nyingine alete maziwa.

Baadaye Gadi alirudi kwa yule mpishi kumuuliza vizuri. Wanaitwa kamba. Wafaransa wanasema krevete. Koti lao linavuliwa, kichwa kinatolewa, na motoni wanakaa muda mfupi sana, wakishakuwa wekundu wameiva. Kumbe kile chekundu kilikuwa dalili njema na mimi niliwaua mara ya pili. Mpishi anasema wanaishi kwenye matope chini ya bahari, na meli zinawakokota kwa nyavu. Wanazaliwa mbali kwenye maji makubwa, wanakuja kukulia ufukweni penye miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi, wakishakuwa wakubwa wanarudi baharini walikotoka. Nikamwambia Gadi hao basi ni wakimbizi wenzetu, tofauti ni kwamba wao wanajua njia ya kurudi.

Sokoni sasa siitwi tena Mama Ziwa. Jina jipya sitakuandikia. Ndagala wanauzika vizuri zaidi, watu wanakuja kusikia hadithi na wanaona aibu kuondoka mikono mitupu.

Sasa Yaya, nimefika penye neno lenyewe. Wazee wote wa huku wamekubali. Solanji anamtaka Gadi, na chakula hakimpiti vizuri tangu ulipokata simu. Hatoroki, hilo usiogope. Amesema bila mama yake hataolewa, atakaa hivyohivyo mpaka azeeke kwangu, na mimi namjua ni mtoto wako, atafanya hivyo kwa kukukomoa. Sikuambii usahau. Mimi pia sijasahau. Ila uliniuliza zamani, mtoto akiingia nyumba ile nani atasimama naye siku neno likisemwa dirishani? Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, nimemwona Mzee Zakaria anasimama, na alikuwa na kiapo kizito kuliko chako. Alikivunja kwenye kigoda changu mbele ya ukoo wake, kwa ajili ya watu ambao harufu yao ilikuwa inamfanya afunike pua.

Nisalimie Mama, umwambie mimi ni Mapendo, yule aliyevunja mtungi. Msalimie kaka yetu wa gereji na mke wake, na watoto wao wote, hasa yule anayejifunza kushona. Msalimie shangazi wa Kavimvira, mwambie dawa yake ya mafua imenisaidia. Msalimie mchungaji wako mzee. Na yule jirani mwenye redio kubwa, nimemsalimu pia, ingawa hastahili. Baba Yona anakusalimu. Solanji anakusalimu, yuko hapa anajifanya anapepeta mchele na mchele uliisha zamani.

Nilikuwa nakunja karatasi hii, Mzee Zakaria akapita. Anakuja kila Jumapili sasa kuangalia midomo ya mwenzake. Aliposikia naandika kwako akakaa. Anasema ukikubali hatatuma mtu. Atakuja Uvira mwenyewe, kwa miguu yake, kukuomba mtoto mlangoni kwako. Unajua safari hiyo kwa mtu wa milimani ni nini, sina haja ya kukuandikia. Nilimwambia ni hatari, akasema anajua. Halafu akaniuliza siku akifika, wewe mama wa bibi harusi utamwekea chakula gani mezani. Nikamwambia ukweli, kwamba kwako mgeni wa heshima hupewa mukeke, samaki mzima wa ziwa letu.

Akauliza, "Inapikwa na kichwa?"

Nikasema, na kichwa.

"Na macho?"

Na macho.

Akaigeuzageuza fimbo yake mikononi. Halafu akasema, "Mwandikie dada yako nitaimaliza yote."

Ndimi mdogo wako, ninayengoja neno lako,

Mapendo